Kopo la Unga Lenye Jina Langu

Sehemu ya Saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema kwa ufupi, maana kila nikirudia naona haya upya.

Mimi ni Mardhiya, mwalimu wa sayansi kimu katika shule moja hapa Bagamoyo. Nilimpenda Alawi, muuza Unga wa Misuli. Aliponiomba niweke jina langu kwenye makopo yake, niliweka, bila kuupima unga wenyewe. Jumatatu, mbele ya darasa la saba, niliudondoshea unga ule aidini, dawa ile ya vidonda, kama nilivyofundishwa chuoni. Ukageuka mweusi, sawasawa na kipande cha muhogo kilichokuwa kando yake.

Hapo ndipo nilipoishia.

"Mwalimu," akasema msichana wa dawati la mbele, "kumbe unga wa kopo ni muhogo?"

"Ni wanga," nikasema. "Muhogo una wanga. Mchele una wanga."

"Sasa misuli inatoka wapi?"

Niliwaambia wafungue madaftari wachore muhogo.

Wakati wa mapumziko nilijifungia jikoni mwa shule. Nilijipa tumaini kwamba labda ndani ya wanga ule mna na kitu kingine. Nikachukua kijiko kimoja nikakiunguza juu ya mkaa. Chakula kinachojenga mwili, kama yai au samaki, ukikiunguza kinanuka unyoya ulioshika moto. Unga wa Alawi ulinuka ukoko wa wali.

Nikarudia mara ya pili. Ukoko wa wali.

Hapo nikamkumbuka Mize.

Mize ni binti wa mjomba wangu, Mjomba Hija. Mama yake alifariki Mize akiwa na miaka tisa, na tangu hapo Mize alilala kitanda kimoja na mimi mpaka nilipokwenda chuoni. Sasa alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani karibu miezi mitatu, asionwe na mtu ila somo wake, yaani kungwi wake, anenepe, ang'are, kisha aolewe Pangani. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, watu walipanga foleni kwa ajili ya unga wa njano, na kumnenepesha mwali lilikuwa jambo la kuumiza kichwa. Ndipo somo wake akasikia habari za kopo.

Kwenye kopo paliandikwa hivi: "Mwembamba hunenepa, mnene hukazika. Vijiko sita badala ya mlo. Nimeupima na kuuthibitisha, Mwalimu Mardhiya, Sayansi Kimu."

Badala ya mlo. Maneno hayo matatu niliyaandika kwa mkono wangu, Alawi akiwa ameniegemea begani, akisema mwandiko wangu ni mzuri kama wa kitabuni.

Sikurudi darasani. Nilichukua kichupa cha aidini nikaenda nyumbani.

Kaka yangu Mtoro alikuwa uani, akinyanyua chuma chake. Ni mtaimbo, na kila ncha ina kopo la rangi lililojazwa saruji. Picha yake ndiyo iliyobandikwa kwenye makopo ya Alawi, amevaa kaptula, kifua kimetuna, chini pameandikwa "Miezi minane tu."

"Kaka," nikamwambia, "unga ule unakula vijiko vingapi kwa siku?"

"Unga upi?"

"Wenye picha yako."

Akateremsha mtaimbo polepole. "Kwa nini unauliza?"

"Niambie tu."

"Niliula siku nne. Ukanifunga choo. Nikawamwagia kuku."

"Kuku?"

"Wale wanne wa mama. Wakataga vizuri kweli. Mayai nikala mimi."

Nikakaa kwenye kinu, maana sikuona kiti.

"Kwa hiyo kifua hicho, mikono hiyo..."

"Mayai, dagaa, maharage, na magunia ya chumvi, Mardhiya. Miezi minane nabeba chumvi kutoka mashimoni mpaka kwenye lori. Wewe ulifikiri nini?"

"Mbona hukusema?"

Akajifuta jasho na fulana. "Picha yangu imefika Tanga. Wewe picha yako ingefika Tanga, ungesema ni kuku?" Kisha akanitazama. "Na wewe je? Ulikuwa unaunywa ili upungue. Umepungua?"

"Nimeongezeka. Gauni la Idi halifungi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Siku nyingine ningecheka naye. Ukweli wenyewe, wasomaji, nilikuwa najua. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu hapungui kwa kuongeza kitu juu ya chakula chake, na kwamba nyama ya mwili hujengwa na chakula chenye protini na kazi ya mwili. Kuna Jumatatu nilifundisha hivyo darasani. Jumanne yake nikakoroga unga, kwa sababu Alawi alikuwa amenitania kwamba kiti kinalia nikikikalia.

"Kaka, Mize anaunywa," nikasema. "Vijiko sita, mara tatu kwa siku. Hali kitu kingine."

Mtoro akaacha kucheka.

"Hali samaki?"

"Somo wake, Bi Mwanaharusi, anasema samaki watamwachia shombo. Anampa uji wa kopo asubuhi, mchana na jioni. Karibu miezi mitatu."

Hakuuliza tena. Aliingia ndani akatoka amevaa shati.

Tulimkuta Bi Mwanaharusi, somo wa Mize, ukumbini kwa Mjomba Hija, amekaa kwenye kibao mbele ya pazia la chumba cha mwali. Anasaga liwa, mti wa kunukia wa kumpaka mwali. Kando yake kopo, na picha ya kaka yangu imetugeukia.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini uishie hapo hapo. Na hilo dume lako likae mlangoni."

Mtoro akarudi nyuma mpaka mlango wa nje.

"Mize hajambo?"

"Hajambo? Utamsahau. Mtoto amejaa huyo. Uso umekuwa mviringo, miguu imenona, pete ya mama yake haivuki tena kidole. Watu wa Pangani wanaleta sanduku leo, harusi siku tisa zijazo. Mikono yako ibarikiwe, mwalimu. Mimi nimewafunda wanawali thelathini, sijaona kitu kama hili kopo."

"Miguu imenona vipi, bi?"

"Imenona. Kuna namna ngapi za kunona?"

"Nimwone kidogo."

"Hujaolewa. Chumbani mwa mwali haingii msichana asiyeolewa, hata angekuwa na vyeti vya kuezekea nyumba."

Mtu mwingine angesukuma pazia akaingia. Mimi nilisimama nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ndivyo nilivyo. Nimewahi kukaa kwenye basi mpaka Mapinga kwa sababu niliona haya kumwambia utingo kwamba nimepitishwa kituo.

Mtoro akakohoa mlangoni. Nikatoa kichupa.

"Bi, naomba nikuonyeshe jambo. Huu unga ukiliwa peke yake haunenepeshi wala haujengi mwili. Ni wanga mtupu. Tazama."

Nikachota unga kidogo, nikauweka kwenye kifuniko, nikadondosha aidini. Ukawa mweusi.

Bi Mwanaharusi akaacha kusaga. Akatazama kifuniko, akanitazama mimi, akatazama kichupa.

"Umefanya nini?"

"Dawa hii inaonyesha..."

"Unga ulikuwa mweupe. Wewe umeutilia kidude chako, umekuwa mweusi. Halafu unaniambia unga ndio mbaya?"

"Si kidude, bi, ni..."

"Mwenzio anaolewa, wewe umemzidi miaka mitano huna hata mchumba wa kusema huyu hapa. Nilijua itafika hapa. Sikujua utaleta na chupa."

"Bi Mwanaharusi, nampenda Mize kama..."

"Nani ameandika hapa?" Akaliinua kopo. "Mimi kusoma sijui, lakini nilisomewa mara tatu. Nimeupima na kuuthibitisha. Ni wewe au si wewe?"

"Ni mimi."

"Ulisema uongo wakati ule au unasema uongo sasa?"

Akainuka, akafunga kanga yake vizuri. "Namwita baba yake. Atakutoa yeye, mimi nisije nikasemwa."

Akaenda uani. Pazia likabaki bila mlinzi.

Ndipo niliposikia sauti kutoka ndani, ndogo, kama ya mtu aliyepanda ngazi ndefu.

"Dada Mardhiya. Ni wewe?"

Nikaingia.

Chumba kilinuka udi na liwa. Mize alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, amepakwa manjano toka paji la uso hadi nyayo. Kwa mbali ungesema kweli amenenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Lakini mikono yake, juu ya kiwiko, ilikuwa myembamba kama mwiko wa kusongea ugali.

"Umeona?" akasema akitabasamu. "Nimenenepa. Somo anasema nimefanana na mama."

Nikapiga magoti, nikashika mguu wake, nikabonyeza kidole gumba juu ya fundo la mguu. Nikahesabu mpaka tano moyoni, nikaachia.

Shimo likabaki.

Nikabonyeza tena, juu kidogo. Shimo la pili likabaki kando ya la kwanza. Ngozi haikurudi. Nilifika hadi karibu na goti, na mashimo yakanifuata nyuma kama nyayo kwenye udongo wa mfinyanzi.

"Nakuumiza?"

"Hapana. Mbona umenyamaza?"

"Mize, unalala hivi hivi umeketi?"

"Nikilala chali naona kama nazama. Pumzi inakatika." Akapumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Usimwambie somo. Atasema najidekeza."

"Haya si mafuta, Mize. Ni maji. Mwili wako umekosa chakula, umejaa maji. Sasa yamefika kwenye pumzi. Lazima twende hospitali leo. Inuka nikushike."

Alijaribu kwa ajili yangu. Miguu iliteleza, akarudi kwenye mito, midomo imegeuka rangi. Nikamkumbatia ili nimnyanyue, nikashindwa. Mikono yangu inajua kushika chaki tu.

"Mtoro yuko nje," nikamwambia. "Atakubeba."

Hapo akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mwanamume asiingie humu. Wakisikia, hawaoi."

"Waache wasioe."

"Wewe unasema hivyo, una kazi, una cheti. Mwaka jana walikuja watu wa Saadani, wakanitazama, wakanywa kahawa ya baba, wakaondoka. Walisema nimekauka, nitazaa vijiti. Baba hakutoka nje wiki nzima." Akavuta pumzi. "Siku tisa, dada. Nimeongeza vijiko mimi mwenyewe, sasa nala nane. Niache nimalize siku tisa."

Nisameheni, wasomaji. Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo tulikatazwa chuoni.

"Mardhiya."

Ilikuwa sauti ya Mjomba Hija, nje ya pazia. Hakuinua kitambaa. Tangu siku ya kwanza hakuwa amemwona binti yake, maana baba naye haingii. Tulikuwa tukiona miguu yake tu, katika makubadhi, na nyuma yake ncha ya kanga ya Bi Mwanaharusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Toka humo kwa heshima, mwanangu. Nimeambiwa umekuja na dawa."

"Mjomba, Mize anakufa."

Sijui sentensi ile ilitokaje. Nilizoea kuomba ruhusa hata ya kukohoa.

Bi Mwanaharusi akasema, "Mnasikia? Anamtabiria."

"Mjomba, usinisikilize mimi. Ingiza mkono wako chini ya pazia. Usitazame. Ushike mguu wa mwanao, ubonyeze, halafu uachie. Basi."

Nikakisogeza kitanda taratibu mpaka mguu wa Mize ukafika karibu na mlango. Kisha nikaona mkono wa mjomba, mwembamba, umeshika tasbihi, ukipita chini ya kitambaa. Alipapasa hewani kwanza. Nikamwelekeza. Akabonyeza. Akaachia. Vidole vyake vikarudi pale alipobonyeza, vikaingia shimoni, vikatulia humo.

"Bi Mwanaharusi," akasema, "njoo ushike."

"Nimeshashika mara nyingi, nikimpaka liwa..."

"Njoo ushike."

Somo akaingia. Akabonyeza. Akabonyeza mguu wa pili. Alipogeuka kunitazama hakuwa tena yule mwanamke wa kwenye kibao.

"Mimi nilidhani ni laini ya kunenepa," akasema. "Naapa kwa Mungu, mwanangu, nilikuwa nafurahi."

"Mjomba, mruhusu Mtoro aingie ambebe," nikasema. "Bi Mwanaharusi atamfunika shuka. Hospitali si mbali."

Nilisikia shanga za tasbihi ya Mjomba Hija zikigongana.

"Umesikia sauti za watu barazani?"

Kweli palikuwa na sauti. Sikuwa nimezisikia.

"Watu wa Pangani wamefika na sanduku. Nyumba hii ina mlango mmoja wa kutokea, na wameketi mbele yake. Wakiona mwali anatolewa mikononi mwa mwanamume, amefunikwa shuka, watasema nini? Watasema nilikuwa naficha binti mgonjwa nikataka kuwabambikia. Na huyu mtoto hata akipona, nani atamposa tena?"

"Lakini mjomba..."

"Sikatai. Nimeshika mguu wake, sikatai." Sauti yake ikapasuka, akaiweka sawa. "Lakini mimi baba nikisema, ni maneno ya baba. Wewe ndiye msomi. Wewe ndiye uliyeandika, kila mtu pwani hii amesoma. Nenda ukawaambie kwa kinywa chako kwamba mwanangu hana kilema, ni unga huu, na kwamba uliandika usichokijua. Wakishasikia, Mtoro avuke kizingiti."

"Mjomba, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Hata darasani?"

"Wale ni watoto."

"Basi mwangalie Mize, halafu uniambie tena kwamba huwezi."

Nilimwangalia. Alikuwa ameacha kubisha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mashimo. Alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, kila pumzi anaitafuta kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

Mtoro alikuwa ameshafika pembeni ya pazia. "Nenda," akaniambia. "Mimi niko hapa. Ukimaliza tu neno la mwisho, nambeba."

"Mtasikia kutoka huku?"

"Ukisema kwa sauti."

Nikajipangusa uso kwa upindo wa gauni, nikapita ukumbini. Nilipanga maneno mawili tu, nikayashika kama mtu anayebeba maji kwenye viganja: niliandika uongo. Nikishayasema hayo, nilijiambia, mengine yatafuata yenyewe.

Baraza ilikuwa imejaa. Wanawake watano wenye kanga mpya, wazee watatu, na katikati ya mkeka sanduku la kijani lenye kufuli linalong'aa. Mama mmoja mnene, aliyeketi mbele ya wenzake, alinitazama kwa hamu. Baadaye niliambiwa ndiye shangazi wa bwana harusi.

Kando ya shangazi huyo, amevaa kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi, alikaa Alawi.

Nje nikaona Land-Rover yake. Yeye ndiye aliyewaleta.

Aliponiona akainuka upesi, uso unamng'aa, akanisogelea, akaniketisha kwenye kiti chake. Akainama sikioni.

"Nilitaka nikwambie kesho, nimeshindwa kungoja," akanong'ona. "Wazee wangu wamekubali. Ijumaa wanakuja kwenu kuposa."

Ni neno nililolisubiri mwaka mzima. Yale mawili niliyoyashika yakanimwagika.

Alawi akawageukia wageni, mkono wake nyuma ya kiti changu.

"Huyu hapa," akasema, "ndiye mwalimu niliyewasimulia njia nzima, tangu Pangani. Unga ule ni kazi ya mikono yake. Bibi harusi wenu yuko chini ya uangalizi wake. Mwulizeni lolote."

Kutoka ndani nilisikia Mize akikohoa, mara moja, kisha pakawa kimya. Nilingoja kikohozi cha pili. Hakikuja.

Shangazi wa bwana harusi akajivuta mbele, akanishika goti kwa upole.

"Haya, mwanangu, tutoe wasiwasi. Amenenepa?"